Mshubiri kwenye chupa ya jemu

Ukipanda mshubiri kwenye chupa ya jemu, kila tone unalomwaga halina pa kutokea. Kila nilichofanya hapa Chumbageni kilianzia hapo, maana hewa ya Tanga ina unyevu wa bahari, na masika yakishika mwezi wa Aprili udongo haukauki hata dirishani.

Chupa hunipa majirani: za jemu, za siagi ya karanga, za kahawa. Nazilowesha kwenye maji ya moto yenye sabuni, lebo inatoka. Gundi inayobaki naipaka mafuta ya kula yaliyochanganywa na magadi, halafu nasugua kwa dodoki.

Mchanga wa Raskazone uko karibu, lakini una chumvi, kwa hiyo niliuacha. Nilichukua mchanga wa mto, ule wa chengachenga wanaotumia mafundi ujenzi, nikauchekecha vumbi litoke, kisha nikachanganya sehemu mbili za mchanga na moja ya udongo. Chini nilitandika kokoto ndogo. Wengi husema kokoto ndizo zinazokausha udongo. Mimi sikubaliani nao: maji hayashuki kwenye kokoto mpaka udongo wa juu ulowe chapachapa, na mizizi imo humo humo. Faida ya kokoto ndani ya kioo ni kwamba unaona. Maji yakituama kati ya mawe, ujue umezidisha.

Machipukizi niliyoyabandua kwenye shina mama niliyaweka kivulini mpaka jeraha likafanya gamba, ndipo nikayapanda, na sikuyamwagilia upesi. Mimea hii ina akiba yake kwenye majani. Tazama mkonge wa Muheza na Korogwe, nao una majani manene vilevile, ulioingizwa na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, kutoka Florida mwaka 1893: nani anaumwagilia?

Kipimo changu ni rangi. Udongo wenye maji huonekana mweusi nyuma ya kioo. Ukikauka hupauka kuanzia juu kwenda chini. Nangoja weupe ufike kwenye kokoto, ndipo nachota kijiko cha chai, nakimimina taratibu pembeni mwa shina. Chupa zinakaa dirisha la mashariki zipate jua la asubuhi. Jua la saa saba likipiga kioo, udongo unachemka na mizizi inaungua.

Zile nilizotaka zikae barazani nilizipeleka kwa fundi vioo Ngamiani. "Dada, ikipasuka tusilaumiane," aliniambia, kisha akatoboa kitako kwa keekee ya almasi, polepole, huku akidondoshea maji kioo kisipate moto. Hizo ndizo zinazostahimili masika vizuri zaidi, na kama fundi yupo karibu nawe, anza naye.

Majirani bado wananiletea chupa pamoja na vifuniko vyake. Vifuniko nawarudishia, kwa sababu mshubiri ukifunikwa unaoza.