Mjomba na paja la kuku

Mwaka 2014 nilikuwa kijana wa studio ya picha Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Upepo ukigeuka, harufu ya dagaa iliingia hadi chumba cha kupigia pasipoti. Kamera sikuigusa sana. Mimi nilikuwa "mtu wa kompyuta", cheo nilichojipa mwenyewe baada ya kuweka mfumo wa Ubuntu kwenye mashine iliyokuwa imechoshwa na virusi vya flashi za wateja. Mwenye studio tulimwita Mama, na Mama hakujali ndani ya mashine kuna nini, ilimradi picha zitoke.

Kazi iliyonichosha ni kunakili picha za harusi, folda moja baada ya nyingine. Nikaandika skripti ya sheli, yaani faili la amri zinazosomwa na kutekelezwa na sheli, programu inayopokea amri unazoiandikia kompyuta. (Rafiki yangu wa bodaboda aliposikia neno sheli aliuliza kama naweza kumpatia mafuta kwa bei nzuri.) Mstari wenye kazi ulikuwa mmoja tu:

find /kazi/harusi -name *.JPG -exec cp {} /media/flashi \;

Yaani amri ya find itafute kila jina linaloishia na .JPG (nyota maana yake "chochote"), kisha cp ilinakili. Kwa miezi miwili haikukosea hata mara moja, nami nikawa natembea kifua mbele.

Jumapili moja akaja kaka wa bibi harusi. Familia ilikuwa inarudi Ukerewe kwa meli ya kesho yake asubuhi na ilitaka picha zote. Nikachomeka flashi, nikaendesha skripti, nikamkabidhi bila kufungua ndani. Saa tatu usiku akapiga simu.

"Kijana, umetuwekea picha moja tu. Nayo ni ya mjomba anatafuna paja la kuku."

Nyuma yake nilisikia watu wakicheka. Yeye hakuwa anacheka.

Nikarudi studio. Picha zilikuwepo kwenye diski, 534, nikazihesabu. Nikachomeka flashi nyingine, nikaendesha tena: kimya, hakuna kosa lolote, na ndani yupo mjomba peke yake na kuku wake. Ukimya ule ndio ulioniumiza. Ingelalamika ningejua pa kuanzia. Nikahisi ruhusa za mafaili, ziko sawa. Nikahisi nafasi kwenye jina la folda, maana Mama alipenda kuandika "Harusi ya Jumamosi Kubwa". Nikaiondoa nafasi, mjomba akabaki palepale.

Kilichonichanganya zaidi kikaja kwa bahati. Nilikuwa nimehamia folda ya /tmp kuangalia kitu kingine, nikaendesha skripti nikiwa hukohuko. Zikaingia zote 534. Nikarudi folda yangu ya nyumbani, nikaendesha tena kwenye flashi tupu: moja. Mashine ileile, skripti ileile. Nakiri kwamba kwa dakika kadhaa nilifikiria mambo ambayo mtu wa kompyuta hapaswi kuyafikiria.

Mwishowe nikaweka neno echo mwanzoni mwa ule mstari, ili sheli inisomee ilichokuwa inataka kufanya badala ya kukifanya. Ikaandika karibu kila kitu kama nilivyokiandika mimi, isipokuwa mahali pa *.JPG. Pale palisomeka DSC_0417.JPG.

Nililijua jina hilo. Alhamisi iliyotangulia nilikuwa nimepigwa picha mbele ya Jiwe la Bismarck, nimekunja mikono kama mbunge, nikaihifadhi kwenye folda ya nyumbani niifanye pambo la skrini. Ilikuwa picha ya kamera ya pili ya studio, ambayo huhesabu namba zake yenyewe. Kwenye kamera ya harusi, namba 0417 ilimwangukia mjomba.

Ni sawa na kumtuma mtoto Mwaloni na karatasi iliyoandikwa "lete samaki yeyote", halafu mtu aliye mlangoni aichukue karatasi kwanza. Akiona kuna samaki hapo nyumbani, anafuta "yeyote" na kuandika jina la yule mmoja. Asipoona samaki, anaiacha ipite ilivyo. Sheli ndiyo huyo wa mlangoni: nyota huisoma yeye kabla ya find, na huisoma kwa kutazama folda uliyosimama ndani yake. Miezi miwili folda yangu haikuwa na picha hata moja, ndiyo maana karatasi ilipita salama. Zingekuwemo mbili, find ingegoma na kupiga kelele. Ilikuwemo moja, yangu, basi ikatii kimyakimya.

Dawa ilikuwa alama mbili za nukuu, '*.JPG', ili nyota ifike kwa find ikiwa nzima. Saa sita usiku zikaingia zote, na safari hii nilifungua moja moja.

Asubuhi Mama aliuliza tatizo lilikuwa nini. Nikamwambia flashi ilikuwa mbovu.

Bandarini nilimkuta kaka mtu kando ya mabegi. Alipokea flashi bila maneno mengi. Nyuma yake akasimama mzee mmoja mwenye kofia, nikamtambua kabla hajafungua mdomo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ile yangu ya kuku, unaweza kunisafishia kubwa?"