Uzi Mweupe Nyuma ya Koti

Fundi akimaliza kushona koti la suti huufunga ule mpasuo wa nyuma kwa uzi unaopishana kama alama ya kuzidisha, ili koti lisijikunje kabla halijamfikia mvaaji. Ukishalinunua unatakiwa uukate. Haijaandikwa popote. Ama umekulia nyumba ya watu wa makoti ukamwona baba akichukua mkasi, ama unalijua jambo hilo siku ya kuchekwa. Mimi nililijua siku ya kuchekwa. Ndiyo maana kijana namba 23 alipotupa mgongo kufunga mlango, niliuona ule uzi kabla ya mtu mwingine yeyote pale mezani. Ulikuwa mweupe, na koti lilikuwa jeusi.

Nikaomba Mungu wasiuone.

Tulikuwa watano upande wetu wa meza: bosi wangu akiwa mwenyekiti wa jopo, meneja wa mauzo, mama wa utumishi, mhasibu, halafu mimi, mdogo kuliko wote kwa umri na kwa cheo. Niliitwa kwa sababu atakayeajiriwa angefanya kazi na mimi. Nafasi ilikuwa moja, ya msaidizi wa takwimu, na maombi yalizidi mia mbili. Kazi yenyewe ni ya kukaa chumba cha nyuma, kisicho hata na dirisha, ukihakiki majedwali waliyojaza wengine. Nilikuwa nimekaa chumba hicho miaka mitatu.

Mwaka ule kampuni ilikuwa imepoteza mkataba mkubwa. Wenzetu wawili waliondoka ndani ya mwezi mmoja, mmoja akiwa hajamaliza hata kuhamisha vitu vyake kwenye meza mpya. Mishahara ilisimama palepale, bei za vitu zikaendelea na safari yake. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi miwili, na saini ya kuuongeza ilikuwa mkononi mwa mwenyekiti yuleyule aliyeketi kichwani mwa meza. Nalisema hili mapema lisije likaonekana nimelificha.

Kabla ya usaili wa ana kwa ana kulikuwa na mtihani wa kuandika. Niliutunga mimi na kuusahihisha mimi, kwa namba tu, bila majina. Niliwapa jedwali lenye makosa matano ya kupandikiza, wayatafute. Wengi walipata matatu, wachache manne. Namba 23 aliyapata yote matano, kisha chini ya ukurasa, kwa mwandiko mdogo wa penseli, akaongeza: “Na jumla ya mwisho haiko sawa. Mstari wa tatu umehesabiwa mara mbili.” Nikarudi kwenye jedwali langu nikajumlisha upya. Kweli. Lile kosa la sita halikuwa la kupandikiza, lilikuwa langu, na nilikuwa nimelipita mara nne nikitunga.

Nilimpenda mtu huyo kabla sijajua ana sura gani.

Sasa akaingia. Mabega ya koti yalimzidi, na mikono ya koti ilimfika kwenye vidole, kwa hiyo kila alipotaka kuonyesha kitu ilibidi kwanza autafute mkono wake. Viatu vilikuwa vimepigwa dawa hadi kwenye nyayo. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeambiwa kiti ni cha mwenzake. Akiulizwa swali alitazama juu kidogo, akanyamaza, ndipo akajibu. Majibu yalikuwa mafupi na yalikuwa sahihi. Lakini ukimya wa sekunde tano mbele ya jopo ni mrefu kuliko unavyodhani, na meneja wa mauzo, ambaye ukimya kwake ni ugonjwa, alishaanza kugongagonga kalamu.

“Kwa nini tukuchukue wewe, tumwache mwingine?” akamuuliza.

Kijana akatazama juu. “Kwa sababu nahesabu mara mbili, mzee.”

Mama wa utumishi akacheka kidogo, kwa wema. Mimi nikamuuliza kuhusu lile kosa la sita. Akashtuka, akaomba radhi: “Samahani kaka, sikujua kama lilikuwa la makusudi.” Nikamwambia halikuwa la makusudi. Akainamisha kichwa kana kwamba yeye ndiye aliyekosea.

Akatuaga mmoja mmoja, akasimama, akageuka. Mlango ulipofunga pakawa kimya, halafu meneja wa mauzo akasema, “Mmeuona uzi?”

Kicheko kilichofuata hakikuwa kibaya sana, nikisema kweli. Kilikuwa cha watu waliokaa tangu asubuhi. Mama wa utumishi alisema, “Jamani msimcheke mtoto wa watu,” huku akijifuta machozi ya kucheka. Mhasibu alitabasamu akiangalia karatasi zake. Nami nilicheka. Mtu aliyewahi kuchekwa kwa uzi huohuo hucheka kwa sauti zaidi, asije akatambulika.

Baadaye sana nilisoma kwamba Adam Smith, yule Mskoti aliyeandika juu ya uchumi mwaka 1776, alilizungumza jambo hili kwa mfano wa shati la kitani. Wagiriki na Warumi wa kale, alisema, waliishi vizuri tu bila kitani, lakini katika Ulaya ya wakati wake hata kibarua wa kutwa angeona haya kutokea mbele za watu bila shati hilo, kwa sababu wangedhani ni tabia mbovu iliyomfikisha kwenye umaskini wa namna hiyo. Namba 23 angekuja na shati lake la kila siku, tungesema hana nia na kazi. Akatafuta koti, tukamcheka kwa uzi. Sioni mlango wa tatu ambao angeweza kupitia.

Fomu yetu ilikuwa na sehemu nne: uelewa, mawasiliano, nidhamu na mwonekano, kila moja alama 5, jumla 20. Nilikuwa nimeshaijaza yangu wakati kijana anatuaga. Kwa wino. 18. Nilimkata moja kwenye mawasiliano kwa zile sekunde tano, na moja kwenye mwonekano, sababu nazo hazikuwa haba.

Utaratibu wetu ulikuwa kila mmoja atamke alama zake, kuanzia kwa mwenyekiti na kuzunguka meza. Mimi nilikuwa wa mwisho.

“Kumi na moja,” mwenyekiti akasema. “Mimi binafsi sina tatizo naye. Ila wateja watamwonaje?”

“Kumi,” akasema meneja wa mauzo. “Umesema kweli mzee, wateja ndio shida.”

“Kumi na mbili,” mama wa utumishi. “Hapo nimempa na za huruma.”

“Kumi na moja,” mhasibu.

Wateja! Katika miaka yangu mitatu ya chumba cha nyuma sikuwahi kuona mteja hata mmoja akiufungua ule mlango. Na tazama jinsi ilivyosemwa: hakuna aliyesema yeye mwenyewe hamtaki. Hukumu ilitoka kwa watu wasiokuwemo chumbani. Mwanauchumi Mwingereza John Maynard Keynes aliwahi, mwaka 1936, kuwafananisha wanunuzi wa hisa na shindano la gazeti la kuchagua sura nzuri, ambalo mshindi ni yule aliyechagua sura zilizochaguliwa na wengi. Mshiriki mwerevu, basi, haangalii sura ipi anaipenda. Anakisia wenzake watakisia nini. Sisi watano hatukuwa wanunuzi wa hisa, lakini meza ile ilikuwa soko kamili, na bei ya kijana ilishaporomoka kabla zamu haijanifikia.

Jambo jingine niliona nilipochungulia fomu ya mwenyekiti. Kwenye uelewa alikuwa ameandika 2. Mtihani wa kijana ulikuwa mbele yake, wa kwanza katika wote, na uzi ulikuwa umekula mpaka alama za akili. Hilo nalo si geni. Mwaka 1920 Mmarekani Edward Thorndike aliandika juu ya maofisa wa jeshi waliotakiwa kuwapima askari wao kwa umbo, akili, uongozi na tabia, kila kimoja peke yake. Alama zikawa zinafuatana mno. Aliyepewa nyingi za umbo alielekea kupewa nyingi za akili na za tabia pia, kana kwamba ofisa amempima mtu mara moja tu, akanakili jibu kote.

“Na wewe?” mwenyekiti akaniuliza.

Hapa ndipo watu huniambia kwamba pengine nilishawishika, kwamba nilipowasikia wakubwa nikaanza kuona waliyoyaona. Hapana. Niliona vilevile nilivyoona mwanzo. Kilichonijia kichwani ni mkataba wangu, miezi miwili, saini. Na aibu moja ndogo zaidi, ambayo kuikiri ni kugumu kuliko ile ya mkataba: niliogopa wakiniuliza kwa nini namtetea, wataangalia koti langu.

Nikavuta mstari mmoja juu ya 18. Pembeni nikaandika 12.

“Kumi na mbili,” nikasema. “Nakubaliana na wenzangu.”

Jumla ikawa 56 kwa 100. Tukamwita anayefuata.

Aliyechukuliwa alipata 74. Alikuwa kijana mzuri, nadhifu, mcheshi, kwenye mtihani alipata matatu. Nilijipigia hesabu usiku ule: ningetamka 18 yangu, namba 23 angefika 62. Bado asingepata. Hesabu hiyo nililala nayo kama mto wa kichwa kwa muda mrefu. Ilikuwa na kasoro moja tu, kwamba nilishajua si kweli, tangu jioni ileile.

Nilikutana na mhasibu kwenye ngazi, kila mmoja anaelekea nyumbani. Alikuwa mtu wa maneno machache. Tukashuka pamoja, akasimama kufunga kamba ya kiatu, na bila kuniangalia akasema, “Yule bwana mdogo wa uzi. Mimi nilikuwa nimemwandikia kumi na sita.”

“Ikawaje?”

“Nikaona nitaonekana wa ajabu peke yangu.”

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Ngazi zilikuwa tupu. Fomu yangu ilikuwa kwenye mkoba, mgongoni mwangu, na ile 18 ilisomeka vizuri chini ya mstari. Nikamwambia, “Aa, kijana bado mchanga yule. Atapata tu kwingine.”

Akasema ndiyo, atapata. Tukaagana.

Kuna majaribio maarufu ya miaka ya 1950, ya mwanasaikolojia Solomon Asch huko Marekani. Mtu anawekwa kwenye kundi, wanaonyeshwa mistari, wanaulizwa ni upi unalingana na mwingine kwa urefu. Jibu liko wazi hata kwa mtoto. Wenzake wote wamepangwa, wanatamka jibu la uongo, mmoja baada ya mwingine, hadi zamu imfikie. Karibu robo tatu ya waliojaribiwa walifuata uongo walau mara moja. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilifarijika, nikajiona niko kwenye kundi kubwa la wanadamu. Kisha nikafika mahali panaposema kwamba mtu huyo akipewa mwenzake mmoja tu anayesema kweli, kufuata mkumbo kunashuka hadi kama robo ya kulivyokuwa. Na akiruhusiwa kuandika jibu bila kulitamka, kunashuka pia. Nikafunga kitabu. Mimi nilikuwa nimeandika. Mwenzangu alikuwepo, amekaa kiti cha jirani, viwiko vyetu vinagusana.

Nikirudia ile hesabu kwa alama zetu za kwanza, namba 23 alikuwa na 67. Saba nyuma ya mshindi. Na sijui mama wa utumishi alikuwa ameandika ngapi kabla ya kutoa “za huruma”. Sikumuuliza.

Yule mcheshi aliondoka baada ya miezi minne, alipata penye mshahara mzuri zaidi, na hakuna aliyemlaumu. Nafasi haikutangazwa tena, kazi zake zikaangukia kwangu. Mkataba wangu uliongezwa mara moja. Safari ya pili haukuongezwa, na barua ilisema ni hali ya biashara, jambo ambalo naamini lilikuwa kweli.

Nikisafisha droo kwa ajili ya kukabidhi, nikaikuta ile fomu. Ilipaswa kuwa kwenye jalada la utumishi pamoja na nyingine, nadhani nakala yangu haikuwahi kudaiwa. Wino ulikuwa umepauka, ila mstari niliouvuta ulikuwa mwembamba mno kwa kazi uliyopewa. 18 ilionekana kuliko 12. Nikaikunja mara mbili nikaitia mfukoni.

Siku hiyo nilikuwa nimevaa koti langu zuri kuliko yote, kwenda kurudisha funguo za chumba kisicho na dirisha. Mlangoni, kabla ya kuingia ofisini kwa mwenyekiti, nilipeleka mkono nyuma nikapapasa mpasuo.