Foleni ya zahanati, Malindi

Leo asubuhi nimempeleka mwanangu zahanati, homa imemshika tangu jana. Mbele yetu kaketi mzee wa Kiitaliano, mguu kauzungushia bendeji iliyoloa usaha. Mama mmoja akaninong'oneza, "Huyu naye atibiwe bure? Nani amlipie?"

Nikamwambia, dadangu, twamlipia kwa kodi, na yeye pia hulipa: kila akitia petroli, humo mna VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Isitoshe, mgeni aliyekaa Kenya zaidi ya miezi 12 yampasa kuchangia SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii. Mimi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na inauma, sikatai.

Lakini dirishani tukaambiwa, "Dawa ya homa hakuna, kanunueni nje." Mzee naye kaandikiwa bendeji akanunue. Tukaongozana duka la dawa, yeye akichechemea.