Kikao cha Diski Sita

Bosi aliugua wiki ya kikao, na kazi ya kuwaeleza wakuu wa idara kwa nini tunataka kuzima mfumo wa malipo ikaniangukia mimi. Ghorofa ya juu walinijua kwa salamu tu. Kazi yangu ilikuwa seva na hifadhidata, na maneno yangu mengi yalipitia kwenye kibodi.

Suala lenyewe halikuwa gumu. Seva ilikuwa na diski sita kwa mpangilio wa RAID 5, unaotawanya data kwenye diski zote ili ya diski iliyokufa iweze kujengwa upya kutoka kwenye nyingine, lakini unavumilia diski moja tu kufa. Moja ilishakufa, tukaweka mpya, na data zake zikajengwa upya kutoka kwenye tano zilizobaki. Sasa mojawapo ya hizo tano ilianza kuonyesha sekta mbovu, yaani vipande vya diski visivyosomeka tena: mwezi uliotangulia 8, wiki ile 96. Zote tano zilinunuliwa kwa mkupuo mmoja na zimefanya kazi saa zilezile. Halafu kuna hili ambalo watu wa nje hawalioni: kujenga upya ndiko kunakozitesa zilizobaki. Kila diski husomwa mwanzo hadi mwisho, saa kadhaa mfululizo, na sekta mbovu iliyojificha kwa miezi hujitokeza hapohapo. Seva mpya ilikuwa tayari. Tulichokosa ni saa nne za kuzima mfumo.

Bosi aliacha slaidi kumi na nne. Zilikuwa sahihi, kila mstari. Zilianza na historia ya seva, zikapita kwenye mchoro wa RAID, kisha ripoti za diski, na ombi likaja kwenye slaidi ya mwisho. Ndivyo fundi anavyofikiri: ushahidi kwanza, hitimisho baadaye. Mwenye kutoa uamuzi husikiliza kinyume chake. Asipojua anaombwa nini, ushahidi wote unampita, na ukifika kwenye ombi ameshaanza kuangalia simu.

Mpangilio huo umewahi kugharimu zaidi ya simu. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol iliyotengeneza roketi za kurushia chombo cha anga cha Challenger, walijaribu kuwazuia wakubwa wao na NASA, shirika la anga la Marekani, wasikirushe kwenye baridi ile. Pendekezo lao, kwamba kisirushwe chini ya nyuzi 53 za Farenhaiti, yaani karibu 12 za Selsiasi, lilikuja mwishoni mwa karatasi walizotuma kwa faksi. Hakuna karatasi hata moja iliyoweka baridi na uharibifu wa pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi bega kwa bega kwa safari zote zilizotangulia. Chombo kilirushwa kesho yake, watu saba wakafa. Kuwatwika wahandisi lawama si haki. Walisema, na wakashinikizwa. Ila mimi tangu niisome habari ile, sababu na matokeo siviweki kurasa tofauti.

Kwa hiyo slaidi nikaziweka kando, nikaandika ukurasa mmoja. Mstari wa kwanza: “Tunaomba kuzima mfumo wa malipo Jumamosi, saa nne usiku hadi saa nane usiku, ili tuhamie seva mpya kabla ya hesabu za mwisho wa mwezi.” Chini yake jedwali dogo, mstari mmoja kwa kila diski: saa ilizofanya kazi, sekta mbovu za mwezi uliopita, za wiki hii. Kisha gharama ya kukataa: diski mbili zikifa tunarudi kwenye nakala rudufu ya usiku, kurejesha kulichukua saa tisa kwenye jaribio letu, na malipo yote yaliyoingia baada ya nakala hiyo yataingizwa upya kwa mkono. Mwisho, jibu la swali ambalo kila asiye fundi hulibeba moyoni hata asipolitamka: na mkishindwa? Seva ya zamani haiguswi. Saa saba usiku tunaamua. Kama bado, tunairudia ya zamani, nusu saa imetosha. Neno RAID halikuwemo popote.

Siku moja kabla nilimfuata mkuu wa fedha ofisini kwake, nikamuuliza swali moja: “Mama, Jumamosi ipi ni mbaya kwako?” Akaniambia ile ya mwisho wa mwezi isiguswe kabisa, na akaomba mtu wa kupigiwa simu Jumapili asubuhi. Vyote viwili nikaviingiza kwenye ukurasa. Hatua hii naiona kubwa kuliko kikao chenyewe. Mtu mkimya, akikaa na mtu mmoja kwa dakika kumi, mara nyingi ni msikilizaji mzuri kuliko msemaji hodari, na pingamizi linalotolewa faraghani halina wa kulishangilia.

Mazoezi nilifanya na dada wa dawati la huduma, ambaye kutwa nzima huongea na watumiaji waliokasirika. Tulirekodi kwa simu, mimi nikiwa nimesimama. Rekodi ilionyesha sauti yangu inashuka mwishoni mwa kila sentensi, na mwishoni ndiko zilikokaa tarakimu. “Mdogo wangu, namba unazimeza,” akasema. Tiba yake rahisi: tarakimu isogee mbele ya sentensi, na pumzi ivutwe kabla yake. Sikuambiwa niongee kwa nguvu, na nashukuru. Mkimya anayelazimishwa kupaza sauti husikika kama anagomba.

Kwenye kikao niligawa ukurasa, nikaomba dakika mbili za kusoma. Wakati wanasoma hakuna anayekutazama, na wakimaliza, mazungumzo yanaanza kwenye maswali, ambako fundi yuko nyumbani.

Mkuu wa mauzo akaanza: “Kijana, mfumo si unafanya kazi? Asubuhi hii nimeutumia.”

Swali la ndiyo au hapana hujibiwa kwanza kwa ndiyo au hapana. “Ndiyo mzee, unafanya kazi,” nikanyamaza kidogo. “Diski moja ikifa leo, hutaona tofauti. Ya pili ikifuata kabla hatujamaliza kujenga upya, utapoteza siku nzima ya malipo.”

“Uwezekano ni asilimia ngapi?”

Hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Wengine hubuni namba, wengine huanza kuzunguka mbuyu na masharti kumi, na msikilizaji anaondoka akiamini hujui lolote. Nilitenganisha mambo. “Asilimia sina. Ninachokijua: sekta mbovu zimetoka 8 hadi 96 ndani ya mwezi. Ninachokadiria: hazitapungua, na diski nyingine nne zina umri uleule.” Alipoanza kunikatiza, nikainua kiganja kidogo: “Namalizia sentensi hii mzee, kisha nakujibu.” Akaniachia. Kukatizwa hakuishi kwa kukasirika wala kwa kunyamaza. Unadai sentensi moja, na unairudisha zamu kweli.

Mtu mwingine akauliza kama mashine za kadi za matawini zitajiunga zenyewe mfumo ukirudi. Hilo lilikuwa la watu wa mtandao. Niliandika swali mbele yake, nikamsomea nilivyoliandika, nikamwambia atapata jibu kesho kabla ya saa sita mchana. Mkimya akiwa anafikiri, ukimya wake husomwa kama kutojua. Kalamu inayotembea husomwa kama kazi.

Wakakubali, kwa masharti mawili: matawi yaarifiwe kufikia Alhamisi, na zamu ya simu ya Jumapili iwe na jina la mtu. Kabla saa moja haijapita niliwatumia wote ujumbe wa mistari minne: nini kimekubaliwa, nani anafanya nini, lini, na swali gani bado liko wazi. Ukichelewa hadi kesho, kila mmoja anakuwa na kikao chake kichwani.

Mkuu wa mauzo ndiye aliyejibu wa kwanza. Aliuliza seva ya zamani itakaa hadi lini, na nani mwenye ruhusa ya kuizima. Nikaongeza mstari wa tano: siku saba, kwa saini ya bosi na mkuu wa fedha.