Maji yalikuwa yanatoka kwangu: venye nilishinda baridi ya miguu kwa geti

Kila Julai naskia ushauri ule ule, vaa soksi mbili, vaa tatu, na anayekupa ushauri mwenyewe saa nne usiku ako ndani ya blanketi. Mimi ni soja wa usiku, mwaka wa kumi na moja sasa kwa mageti ya Nairobi, na naandika hii juu nimechoka kuona vijana wanaanza kazi Juni na ikifika Agosti ngozi ya katikati ya vidole imeoza. Soksi tatu ndizo ziliniharibia miguu mimi. Nilikuwa najaza kiatu mpaka vidole havina pahali pa kusonga, damu haishuki, na mguu usiopata damu hauwezi kushika joto hata uufunge na godoro.

Nakaa Kangemi, geti iko Kitisuru. Ni kama dakika arobaini kwa miguu, unashuka bonde, unapanda, nyasi imeloa na yale manyunyu ya Julai ambayo hayanyeshi na hayaachi. Kuna watu wa pwani hucheka wakiskia tunalia baridi, lakini Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na usiku wa Julai unaweza kushuka mpaka nyuzi 10 hivi. Nyuzi 10 ukiwa unatembea ni hewa safi tu. Nyuzi 10 umesimama kwa simiti kutoka saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni kazi ingine kabisa.

Mwanzoni nilikuwa na buti za ngozi za kampuni. Zikilowa leo zinakauka kesho kutwa, na ukizikaushia kwa moto ngozi inapasuka. Nikanunua gambuti, kama elfu moja hivi, nikajua sasa shida imeisha. Wiki ya kwanza tu, saa tisa usiku navua mguu, soksi imeloa chapachapa. Nikajua gambuti imetoboka. Mwenzangu wa zamu akaniambia, "Mzee, chukua zile karatasi za mkate, vaa juu ya soksi kabla ya gambuti, maji hayataingia." Ilikuwa tayari karatasi za nailoni za sokoni zimepigwa marufuku tangu 2017, kwa hivyo za mkate ndizo zilikuwa zimebaki. Mama watoto akaniwekea mbili, nikazivaa.

Wacha niwaambie venye hiyo usiku ilienda. Mpaka saa tano nilikuwa nashukuru Mungu, miguu iko moto kama imekaa kando ya jiko, nikampigia mwenzangu simu kumwambia asante kaka. Saa saba nikaskia utelezi, soksi inateleza ndani ya karatasi kila nikigeuka. Saa nane joto ikaanza kuondoka kidogo kidogo kuanzia kidole kidogo. Saa kumi sikuwa naskia vidole, nilikuwa nagonga mguu chini na sauti inakuja lakini mguu wenyewe hausemi kitu. Kulipokucha nikakaa kwa kiti nikavua, nikainamisha ile karatasi ya mkate, maji yakamwagika. Ngozi ya nyayo ilikuwa nyeupe, imejikunja kama muhogo uliolowekwa siku tatu, na nikiibonyeza na kidole inabaki na shimo. Nilikaa hapo nikiangalia miguu yangu na kwa kweli niliogopa.

Sasa nikajiuliza, usiku wote haijanyesha, nyasi nimeikanyaga jioni tu, haya maji yametoka wapi? Nikienda nyumbani nikafanya jaribio moja ambalo mpaka leo najivunia. Nilichukua gambuti zote mbili nikaziosha, nikazianika ndani nje mpaka zikakauka kabisa, nikajaza gazeti kavu ndani mpaka kwa kidole, nikazisimamisha kwa karai ya maji yamefika katikati ya mguu wa gambuti, nikaweka jiwe ndani ya kila moja juu ya gazeti zisielee. Nikaziacha siku nzima na usiku mzima, ilikuwa siku yangu ya off. Asubuhi nikatoa gazeti karatasi kwa karatasi. Kavu. Hata ile ya mwisho iliyokuwa imebanwa huko kwa kidole, kavu, ungeweza kuwashia moto. Gambuti haikuwa na tundu. Maji yalikuwa yanatoka kwangu.

Ni jasho. Nilikuwa natoka Kangemi nimevaa gambuti na jaketi, napanda mlima mbio nisichelewe, nafika mguu umetoa jasho, raba haipumui, pamba ya soksi inakunywa yote na haitoi, halafu nasimama na hiyo maji masaa kumi na mbili. Karatasi ya mkate iliongeza tu ukuta wa pili. Daktari wa kliniki ya hapa kwetu nilipomwonyesha aliniambia hiyo ngozi nyeupe ndiyo iliyowasumbua wanajeshi kwa mahandaki ya vita ya kwanza ya dunia, na haihitaji barafu, unyevu na baridi ya kawaida masaa mengi inatosha.

Kutoka hapo sijawahi kutembea kwenda kazi na gambuti. Natembea na akala, zile za tairi za Kariokor, mguu wazi, nyasi ilowe, matope yaingie, si kitu, mguu ulio kwa mwendo haugandi. Jaketi naifunga kiunoni mpaka nifike. Kwa geti nafuta miguu na kitambaa katikati ya kila kidole, nakaa kama dakika kumi mwili upoe, ndio navaa soksi. Hizo dakika kumi vijana hawazitaki, wanavaa mguu ukiwa bado unatoa mvuke, na hapo umeshapoteza usiku.

Soksi ni za sufu. Sufu hata ikishika unyevu inabaki na joto, pamba ikilowa ni barafu. Nazitafuta Gikomba, soko la mitumba, asubuhi mapema belo zikifunguliwa, zile za kamera, yaani za chaguo la kwanza, kabla wenye maduka hawajachagua, kama soo (shilingi mia) kwa jozi, saa zingine soo na hamsini ukionekana unazitaka sana. Lakini utauziwa nailoni ukiambiwa ni sufu, hata lebo imefutika, kwa hivyo mimi natembea na kiberiti. Navuta uzi mmoja kwa ukingo wa soksi, nauchoma. Sufu inanuka nywele zimeungua, moto unajizima, inabaki jivu linalosagika kwa vidole. Nailoni inayeyuka inakuwa kashanga kagumu. Mara ya kwanza mama wa soksi aliruka, "Baba, unanichomea mali asubuhi yote hii?" Nikamwonyesha jivu, nikamnusisha. Siku hizi nikifika ananiambia, "Leo choma hii na hii, nataka kujua niuze pesa ngapi."

Nabeba jozi mbili. Ya pili inakaa ndani ya shati, kifuani, na saa saba usiku nabadilisha, ile iliyotoka inaingia pahali pake. Mpaka asubuhi mwili umeikausha. Gambuti nilinunua upya namba tisa na mimi ni mguu nane, hiyo nafasi ndiyo inashika hewa ya moto. Na suruali inakaa nje ya gambuti, tafadhali, nawaona watu wakiingiza suruali ndani na mvua inafuata kitambaa moja kwa moja mpaka kwa kisigino.

Hapo unyevu ukaisha lakini nyayo bado zilikuwa zinauma baridi, na hii ilinichukua muda kuielewa mpaka nikamkumbuka babu. Babu yangu wa Mua alikuwa mwindaji wa upinde enzi za kabla ya marufuku ya uwindaji ya 1977, na alipenda kutuhadithia venye alikuwa anangoja swala alfajiri. Hakuwa anakanyaga udongo. Alikuwa anabeba fungu la nyasi kavu mgongoni, analitandaza chini ya mti, anavua ndara zake za ngozi zilizolowa umande na anasimama juu ya nyasi. Sisi watoto tulidhani ni ya kunyamazisha hatua. Alisema, hapana, ardhi inakula mguu wa mtu anayengoja. Mtu anayetembea haiwezi kumla.

Simiti ya geti inakula hivyo hivyo. Kuna mpangaji alikuwa amenunua TV, akatupa boksi na ile foam nyeupe ya ndani. Nikamwomba. Nikaweka foam chini, juu yake ubao, kwa sababu foam peke yake inavunjika kwa kisigino, juu ya ubao katoni tatu na gunia. Nikasimama hapo usiku wa kwanza na nikawa nashuka kimakusudi kukanyaga simiti halafu napanda tena, kuskia tofauti. Ndani ya dakika kama tano unaskia nyayo zimerudi kuwa zako. Ndani ya gambuti nikaweka soli nilizokata kwa blanketi ya kijivu ya zamani, zile za bweni, nilichora mguu na kalamu nikakata mbili mbili, nikizitoa asubuhi zinakauka kwa kamba kabla ya jioni.

Ushauri mwingine niliopewa, na huu sitauficha, ni wa jiko. "Ingiza jiko kwa kibanda, funga mlango, utaota moto kama mfalme." Mwaka mmoja nilienda kumpokea kijana wa geti jirani asubuhi, nagonga, haitikii. Nikafungua, jiko la makaa liko katikati ya miguu yake, makaa yamefifia, yeye ameegemea ukuta macho nusu wazi. Nilimvuta na kwapa mpaka kwa nyasi. Alitapika, akalia, akashika kichwa, akasema alidhani ni usingizi tu. Hiyo gesi ya makaa haina rangi, haina harufu, unalala ukidhani umepata joto. Tulimpeleka hospitali na akapona, lakini naomba, kwa yeyote ako na ndugu soja, mwambie jiko likae nje na yeye akae nje nalo.

Kama unataka moto, beba chai ama maji ya moto. Mimi nina thamosi, na saa saba nikibadilisha soksi namimina maji ya moto, si ya kuchemka sana juu chupa inajikunja, kwa chupa mbili za soda za nusu lita, nazifunga vizuri, moja kwa kila gambuti wakati nakausha miguu. Dakika kumi. Mguu ukiingia tena ni kama kuingia kitandani pahali mtoto alikuwa amelala. Na kichwa kifunike, vaa mavin, funga shingo, juu kifua kikiskia baridi mwili unanyima miguu damu kwanza.

Yule kijana wa jiko alirudi kazi mwezi uliofuata. Jioni ya kwanza alikuja kwangu na akala mkononi na kuniuliza, "Mzee, ile blanketi iko bado?" Nikamchorea mguu kwa katoni hapo hapo chini ya taa ya geti, namba saba, mguu mwembamba. Tangu hapo nimekatia masoja wanne wa hii barabara. Blanketi imebaki kipande cha kama jozi mbili hivi, na ingine nimeambiwa iko Gikomba.