Herufi Zilizozama

Kwa miezi minne niliitunza sarafu ile peke yake, nimeifunga kwenye kitambaa cha pamba, nikiamini imetoka kiwandani na kosa. Kwenye shavu la sura iliyochorwa usoni mwake kulikuwa na herufi tatu zilizogeuka, R ikiangalia kushoto, kama maandishi yanavyoonekana kwenye kioo. Usiku nilikuwa naitoa, naitazama chini ya taa, kisha naifunga tena. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kukusanya sarafu, na moyo ulishaamua kabla macho hayajachunguza.

Nikampelekea mzee mmoja aliyekuwa akikusanya sarafu tangu kabla sijazaliwa. Hakuniuliza nimeipata wapi. Aliishika ubavuni, kwa kidole gumba na cha shahada, akaiinamisha polepole hadi mwanga ukaja kutoka pembeni.

"Mwanangu, herufi hizi zimeinuka au zimezama?"

"Zimezama, Mzee."

"Na chini yake unaona nini?"

Nikasogeza kioo cha kukuzia. Shavu lilikuwepo. Hata nywele zilizochongwa juu ya sikio zilikuwepo bado, ila zimebonyea pale herufi zilipopita. Miezi minne yote nilikuwa nimezitazama herufi tu, sikuwahi kutazama zilikolala.

Akanieleza taratibu. Sarafu huzaliwa kwa pigo. Kisahani kitupu cha madini huwekwa katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, kikazungukwa na pete inayokizuia kisitanuke, kisha kikagongwa. Wakati mwingine sarafu iliyokwisha kugongwa hung'ang'ania kwenye muhuri mmoja. Kisahani kinachofuata hupigwa na sarafu ile badala ya muhuri, na upande huo hutoka na picha iliyozama na kugeuka. Kosa la namna hiyo lipo kweli, na wakusanyaji hulitafuta sana. Lakini huo upande haupati kuugusa muhuri wake, kwa hiyo shavu na nywele za kawaida zingetoka wapi?

Kisha akaigeuza. Upande wa pili, mkabala kabisa na zile herufi, maandishi yalikuwa yamelala na kung'aa kama yamepigwa pasi. Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu alizilaza sarafu mbili pamoja akazibana kwenye jiliwa. Mgongo wa sarafu yangu ulikuwa umeegemea taya la chuma, nalo taya liliacha alama yake.

Niliumia, siwezi kuficha. Mzee hakunipa pole. Alinyanyua kopo la bati na kumimina mezani sarafu zilizoharibika, alizokuwa akiziweka kwa ajili ya kujifunzia. Moja ilikuwa na ukingo uliovimba na kujikunja kwa ndani hadi karibu kugusa maandishi, kwa sababu ilizunguka muda mrefu kwenye mashine ya kukaushia nguo. Nyingine ilikuwa nyembamba, michoro imefifia sawasawa pande zote: ilikuwa imelowekwa kwenye asidi. Iliyonivutia zaidi ni ile iliyokatika ubavuni kama imeng'atwa. Nikasema hiyo hakika ni kisahani kilichokatwa vibaya kiwandani. Akaniambia nitazame ukingo wa upande wa pili, mkabala na pengo. Kisahani chenye pengo kikipita kwenye mashine ya kuinua ukingo, pale mkabala hakipati mgandamizo wa kutosha, kwa hiyo mara nyingi ukingo hapo hutoka dhaifu. Wa sarafu hii ulikuwa mnene kabisa, na ndani ya pengo kulikuwa na michirizi ya tupa.

Baada ya hapo nikawa mkali kupita kiasi. Alinisogezea sarafu kumi nizichambue, na kila yenye alama nikaitupa upande wa zilizoharibika. Ya saba ilikuwa na mstari mwembamba unaotoka ukingoni, ukapita katikati ya tarakimu 9 na kuishia uwandani, pale palipo tupu pasipo na mchoro. "Mkwaruzo," nikasema, nikaisukuma.

Akairudisha mbele yangu bila neno, akasogeza taa upande wa kushoto.

Tayari nilikuwa nimetazama mikwaruzo mitano siku hiyo. Kwenye mkwaruzo, ukuta wa mbali na taa ndio unaong'aa, na kivuli hukaa upande wa taa. Madini yaliyosukumwa hujikusanya kandokando kama udongo wa mfereji. Kwenye mstari huu mng'ao ulikuwa upande wa taa, na kivuli kikaangukia ng'ambo. Ulikuwa umeinuka. Muhuri ulipata ufa, na katika lile pigo madini yakaingia ndani ya ufa.

Nikaichukua kwa ubavu na kuihamishia upande wa pili wa meza. Kisha nikaomba zile sita za kwanza nizianze upya.