Saa ya Mama Arizona

Ijumaa ile tulikuwa na jambo moja tu la kuwahi: ndoa ya mpwa wangu, Tanga, ambayo tungeiona kwa simu. Awali ilikuwa ifungwe mwezi unaofuata, Mama akiwa ameshamaliza matembezi yake kwetu Ohio na kurudi nyumbani. Lakini bwana harusi anafanya kazi Maskati, na likizo yake ikaletwa mbele. Ndoa ikapangwa Ijumaa saa mbili usiku, baada ya sala ya Isha, na bibi wa bi harusi yuko jangwani Marekani, ndani ya gari lenye vitanda, jiko na choo.

Gari hilo, RV kama wanavyoliita huku, tulilikodi Denver. Kila kona vyombo viligongana kabatini na watoto wakacheka. Mama alikuwa amekaa mezani kafunga mkanda, tasbihi mkononi, na kwenye kifundo cha mkono ile saa yake ndogo ambayo tangu atue Marekani alikataa kuigusa. "Nikiirudisha nyuma nitajuaje watu wangu wameamka au wamelala?" Kwa sala alitazama jua na kivuli. Saa ilikuwa ya Tanga tu.

Usiku tulilala upande wa Utah, karibu na Monument Valley, na asubuhi tukashika barabara ya 163 kuelekea kusini. Kuvuka mpaka wa majimbo huku hakuna kizuizi wala askari. Kuna bango lenye bendera ya Arizona, mionzi myekundu na ya manjano na nyota ya rangi ya shaba, na ukipepesa macho limeshapita. Watoto walidai tusimame wapige picha, baba yao akasema tutachelewa ndoa. Mbele kidogo ikajitokeza Agathla, mwamba mweusi uliobaki wa volkano ya kale, umechomoza peke yake katikati ya nchi nyekundu. Mama aliutazama mpaka ukatoka dirishani. "Subhanallah," akasema, "huu umesahauliwa na wenzake."

Mji wa Kayenta ndipo ubishi ulipoanza. Simu yangu ilisema saa mbili na nusu asubuhi, ya mume wangu saa moja na nusu. Saa ya dashibodi sikuihesabu, maana haikuwahi kusema kweli tangu Denver.

Mambo yako hivi. Majimbo mengi ya Marekani husogeza saa mbele majira ya joto, lakini Arizona iliachana na mchezo huo mwaka 1968. Kwa hiyo ukitoka Utah wakati huo unarudi nyuma saa moja. Ila nchi ya Wanavajo, wenyeji asilia wa Marekani, yenye kilomita za mraba zipatazo 71,000, imekaa ndani ya majimbo matatu, Arizona, Utah na New Mexico, na wao husogeza ili ndugu wote wawe na saa ileile. Halafu katikati yao, wamezungukwa pande zote, wapo Wahopi, wenyeji asilia wengine, nao hawasogezi. Simu inafuata mnara wowote inaoukamata.

"Ndoa ni saa nne kwa saa za Arizona," akasema mume wangu. "Saa tano," nikasema, "hapa ni kwa Wanavajo." Tulikuwa tukisema kitu kimoja na tunagombana. Simu ingetuambia saa ya Dar es Salaam kwa kubonyeza mara mbili, najua, lakini kwenye gari la wabishi hakuna anayebonyeza.

Mama akanyoosha mkono wenye saa. "Bishaneni. Tanga sasa hivi ni saa kumi na moja na nusu jioni. Mwanangu, endesha, una saa mbili na nusu."

Tuba City, mji wa Wanavajo, tulifika na muda wa kutosha. Ijumaa ndiyo siku ya gulio lao: meza za vito vya feruzi, majani makavu ya mifugo, dawa za miti shamba, na harufu ya kondoo anayechomwa iliyotufanya sote tunyamaze. Tulikaa kwenye kibanda cha mama mmoja mtu mzima wa Kinavajo aliyekuwa akitanua madonge ya ngano kwa viganja na kuyatumbukiza kwenye mafuta. Yanaumuka, yanapiga wekundu, yanaliwa kwa chumvi au asali. Kama maandazi yaliyokanyagwa na gari, alisema mwanangu. "Muulize mafuta ya nini," Mama akaninong'oneza. Ya mimea. Akaagiza mawili.

Yule mama akatueleza asili ya mkate huo. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaswaga babu zake kwa miguu hadi Bosque Redondo, New Mexico, likawalisha unga na mafuta ya posho, na hawakurudi kwao hadi mkataba wa 1868. Nikamtafsiria Mama. Akautazama ule mkate. "Na bado wakaufanya mtamu," akasema.

Simu ikaita. Dada yangu alikuwa kaiegemeza ukutani, tukaona kanzu, kofia na feni inayozunguka. Mtandao ukawa unakatika: khutba tukaipata vipande vipande, picha ikaganda kwenye ndevu za shehe. Kisha sauti ikarudi yenyewe, safi: "Nimekubali." Mama akaweka andazi chini na kupiga vigelegele, vile vya Tanga vya koo zima, na gulio lote likageuka. Mbwa wakabweka. Yule mama wa kibanda akauliza kuna nini, nikamwambia mjukuu kaolewa, akacheka na kuongeza mkate mmoja bila malipo.

Mume wangu alikwenda kujaza mafuta ng'ambo ya barabara, Moenkopi, kijiji cha Wahopi. Aliporudi aliwaambia watoto kwamba ametoka hapa saa tano na nusu na kufika kule saa nne na dakika thelathini na mbili. Watoto wakadhani ni mzaha. Mama hakudhani.

"Basi tuvukeni sote," akasema akijipangusa vidole, "tukaione ndoa tena. Mara ya kwanza sikuiona vizuri."